Bi Funguo na Kadi ya Jikoni

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, mwongoza wageni mkuu wa Makumbusho ya Kasri anastaafu baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi. Wengi wenu hamjawahi kumwita kwa jina lililo kwenye faili lake. Mnamwita Bi Funguo, na jina hilo limemkaa kiasi kwamba siku moja hospitalini, muuguzi alipoita jina lake kamili, alibaki ameketi huku akiangaza macho kumtafuta huyo anayeitwa.

Ofisi imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida na programu ya sherehe, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwajiri. Nilikuwa mhifadhi mkuu wa kwanza wa makumbusho haya, yule mliyekuwa mkimwita Mzee Kadi mkidhani hasikii. Sasa nina miaka themanini na moja, na daktari wangu si mtu wa kuzunguka maneno. Naandika kitandani, kidogo kidogo, na mke wa mwanangu anapiga chapa. Nitaanza na yale mnayoyajua, maana Bi Funguo anastahili watu wacheke vizuri wakimkumbuka. Kisha nitaeleza jambo msilolijua. Mwenyewe ameagiza liwe humu humu, si mahali pengine.

Alikuja kuomba kazi ya kufagia akiwa na miaka ishirini na tatu. Katika usaili nilimuuliza kwa nini anataka kufanya kazi kwenye jumba la kale, wakati viwanda vilikuwa vinaajiri.

"Nataka kuona ndani, mzee."

"Ndani unaweza kuona kwa tiketi."

"Kwa tiketi unaona mara moja."

Jibu lilinichekesha, nikampa ufagio. Ningeuliza swali moja zaidi labda leo nisingekuwa na haya ya kuandika.

Miaka mitatu alifagia, na kwa kufagia akalijua jumba kuliko sisi tuliolisomea. Alijua ubao upi wa ukumbini unalia ukikanyagwa, dirisha lipi linahitaji kuinuliwa kidogo kabla ya kusukumwa, na funguo zote arobaini na moja alizitambua kwa kuzipapasa. Siku moja mwongoza wageni wetu aliamka na homa wakati wanafunzi mia moja na ishirini wako tayari getini. Bi Funguo aliegemeza ufagio ukutani, akajifuta mikono, akawaambia wavue viatu. Mimi nilisimama kwenye ngazi, tayari kumkatiza akikosea. Sikumkatiza. Wanafunzi walipotoka, mwalimu wao aliniuliza yule mama amesomea chuo gani.

Mnamjua anavyofanya kazi. Hutembea kinyumenyume, akiwatazama wageni usoni, na hajawahi kujikwaa. Penye mlango mfupi wa baraza humwambia kila mwanamume mrefu, "Inama, baba. Mfalme alikuwa mfupi, na hakujua kama utakuja." Penye kitanda cha mfalme watu hushangaa udogo wake, yeye huwaambia ukubwa wa mfalme ulikuwa kwenye muhuri. Mpiga picha wa gazeti fulani aliwahi kukaa kwenye kiti cha enzi eti anapima mwanga. "Shuka, kaka," Bi Funguo akamwambia kwa upole. "Wa mwisho kukaa hapo hakumaliza mwaka." Aliruka kama kiti kimemuunguza.

Na kuna yule mgeni mwenye cheo aliyevuka kamba akaingia choo cha mfalme, kitasa kikagoma kufunguka. Wasaidizi wake walikuwa wanagonga mlango na kukimbizana ukumbini. Bi Funguo alifika bila haraka, akachagua ufunguo huku anatazama pembeni, akafungua, mheshimiwa akatoka na jasho linamtiririka. "Pole sana," akamwambia. "Hata mfalme mwenyewe kilimfungia mara mbili. Ndiyo maana tukaweka kamba." Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka gari lilipotoka getini. Kisha hata askari wa mlangoni alilazimika kukaa chini.

Amefundisha waongoza wageni kumi na wanane. Wote wana kitu chake: mwendo wa kinyumenyume, ule utani wa mlango mfupi, na maneno mawili ambayo nimewasikia vijana wakiyaiga bila kujua yalikotoka. Wakifika jikoni husema, "Kadi inasema."

Hapo sasa ndipo nilipokuwa naelekea.

Wageni wengi huja kwa ajili ya jikoni. Kiti cha enzi hukitazama kwa adabu, daftari za baraza huzipita, lakini jikoni husukumana. Kila aliyepita shule anaijua habari yenyewe. Mfalme wa mwisho aliugua na kufa ndani ya miezi michache. Kabla ya kufa alilalamika mezani mara tatu, mbele ya watu, kwamba chakula kina ladha ngeni. Mpishi wake akakamatwa. Kesi ilichukua siku tisa, akafungwa maisha kwa kumtilia bwana wake sumu, akafia gerezani mwaka wa nne. Jikoni, pembeni mwa jiko la kuni, kuna kabati dogo la kioo. Ndani yake mna chupa ya rangi ya samawati na kadi isemayo: "Chupa ya sumu iliyotumiwa na mpishi kumwua mfalme."

Kadi ile niliiandika mimi. Chupa ile haikuwahi kuwa na sumu.

Asubuhi ya ufunguzi wa makumbusho, miaka mitatu kabla Bi Funguo hajaajiriwa, fundi seremala alileta kabati la jikoni saa mbili. Lilikuwa la vijiko vya mfalme, na vijiko vilikuwa bado kwa fundi wa kung'arisha. Saa nne mgeni rasmi angefika. Kabati tupu katikati ya chumba linatia aibu, na mimi nilikuwa mtu wa kuona aibu haraka. Katika kabati la vyombo nilikuta chupa iliyowahi kuwa na dawa ya kusugulia vijiko. Niliisuuza, nikaikausha kwa leso yangu, nikaiweka. Kisha nikachukua kadi na kalamu. Nilijiambia Jumatatu nitaiondoa.

Mgeni rasmi alisimama mbele ya chupa ile muda mrefu kuliko alivyosimama penye kiti cha enzi. Kesho yake picha yake ilikuwa kwenye magazeti. Jumatatu ilipofika sikuiondoa. Mwaka uliofuata niliandika kijitabu cha historia ya kasri, kile kilichokuwa kikiuzwa mlangoni, na sura ya chupa ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Waandishi wa vitabu vya shule wakanakili kwangu.

Lingeishia hapo lingekuwa kosa la mtu mwenye haraka. Halikuishia hapo.

Katika mwaka wa sita wa utumishi wa Bi Funguo, mchwa waliingia kwenye meza ya kuandikia ya mfalme. Tulizitoa droo zote. Nyuma ya droo ya chini kabisa palikuwa na barua iliyoteleza ikabanwa. Ilitoka kwa daktari wa mfalme, na tarehe yake ilikuwa wiki kumi kabla ya kifo. Nilikuwa peke yangu chumbani. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa kwenye sakafu.

Daktari aliandika kwamba figo za mfalme zimeshindwa na hakuna dawa, ajiandae. Aliandika kwamba ameheshimu amri yake ya kutomwambia mtu yeyote, hata ndugu zake, na kwamba mbali na wao wawili anayejua ni mpishi tu, ambaye ameapishwa. Alimkumbusha asionje chumvi hata punje. Aliongeza: "Mpishi wako anafuata maagizo yangu kuliko unavyoyafuata wewe. Ukilalamikia ladha ya chakula mbele ya watu, unamweka mahali pabaya, naye hawezi kujitetea."

Kwa hiyo ndiyo hiyo ladha ngeni. Ilikuwa supu isiyo na chumvi. Mfalme alikufa kwa figo zake, daktari alikuwa amekwisha kuhamia nchi nyingine, na mpishi alisimama mahakamani siku tisa akiwa amefunga mdomo kwa sababu aliapa.

Kijitabu changu kilikuwa kimechapishwa mara ya tatu. Nilikuwa naalikwa kwenye mikutano ya wasomi, na kila nilipoalikwa waliniomba nizungumzie chupa. Nilijiambia barua moja haitoshi kuwa ushahidi. Nilijiambia nitafanya uchunguzi kwanza. Lakini mikono yangu ilijua inachofanya. Mhifadhi hachomi karatasi. Anazo njia nyingine. Niliitia barua kwenye bahasha, bahasha nikaitia kwenye sanduku la risiti za mapazia, na kwenye daftari kuu nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Sanduku 214: risiti za mapazia, na bahasha moja." Karatasi ikiandikwa vibaya kwenye daftari, huishi miaka yote bila mtu kuiona. Sanduku nikaliweka ofisini kwangu, kwenye rafu iliyo nyuma ya kiti.

Miaka miwili baadaye, asubuhi moja ya kawaida, nilikuwa nawatembeza wakaguzi wawili nyuma ya kundi la Bi Funguo. Katika kundi hilo alikuwamo mwanamke wa makamo, amejifunga kitambaa kichwani, tiketi yake ameikunja mkononi. Alitembea polepole, akigusa kuta kwa ncha za vidole. Walipofika jikoni Bi Funguo alianza kama kawaida, "Kadi inasema mpishi alimtilia mfalme sumu," akaeleza yote mpaka mwisho. Yule mwanamke akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mwanangu, huyo mpishi alikuwa na watoto?"

"Alikuwa na binti mmoja, mama."

"Binti alikuwa na umri gani?"

"Miaka kumi na mitatu."

"Na akapelekwa wapi?"

"Kadi haisemi, mama."

Wageni wawili watatu walicheka. Mwanamke akatikisa kichwa kukubali. "Asante," akasema. "Unaeleza vizuri." Nikawanong'oneza wakaguzi kwamba hivyo ndivyo wafanyakazi wetu wanavyojibu maswali ya wageni, kwa heshima na bila kubahatisha. Mmoja wao aliandika.

Nusu saa baadaye yule mwanamke alibisha hodi ofisini kwangu. Nilimkaribisha kiti.

"Sikai, bwana. Nimekuja kuuliza neno moja tu. Wewe ndiye uliyeandika ile kadi?"

"Ndiyo, mama."

"Yule mpishi ni baba yangu. Na msichana aliyetuzungusha ni mwanangu. Hakujua kama ningekuja leo, usimgombeze."

Aliendelea bila kupandisha sauti.

"Gerezani nilipelekwa kumwona mara mbili. Mara ya pili aliniambia kuna jambo la mfalme aliapishwa asilitamke, na kwamba akilitamka huenda akatoka, lakini atakuwa mtu wa kuuza siri za aliyemlisha. Mimi nilikuwa mtoto, sikujua kumbana. Wewe umesoma makaratasi yote ya nyumba hii. Hukukuta kitu?"

Sanduku lilikuwa nyuma ya bega langu. Kama ningenyoosha mkono ningeligusa bila kuinuka.

"Hapana, mama," nikasema. "Hakuna kitu."

"Hata kidogo?"

"Historia haiandikwi kwa huruma, mama. Inaandikwa kwa ushahidi."

Alinitazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na kwa miaka ishirini na tisa sasa nimetamani ingekuwapo. "Basi endelea kutafuta," akasema. "Mimi nipo."

Wiki ile ile nilihamishia sanduku ghalani.

Tangu siku hiyo nilijua ni mtoto wa nani aliyeshika funguo zangu, na kwa nini hakutaka kuona mara moja tu. Sikumwambia kwamba najua. Kila asubuhi tulisalimiana, "Habari za asubuhi, mzee," "Nzuri, Bi Funguo," naye akaenda kuwaeleza wageni, mara mbili kwa siku, saa nne na saa nane, kwamba babu yake alikuwa muuaji.

Katika mwaka wake wa kumi na moja niligundua jambo ambalo ningeligundua mapema kama ningekuwa na masikio. Chumbani husema, "Mfalme alilala hapa." Barazani husema, "Hapa ndipo walipotia saini." Ni jikoni peke yake ambako husema, "Kadi inasema." Hakuwahi kusema mpishi aliua. Hata siku moja. Alikuwa anaiachia kadi yangu ibebe mzigo wake yenyewe.

Nilipaswa kuona haya. Badala yake niliogopa, na mkubwa wa kazi akiogopa huandika barua. Nilimwandikia barua ya onyo kwamba mwongoza wageni haruhusiwi kuonyesha mashaka juu ya maelezo rasmi ya makumbusho. Jibu lake lilikuja siku hiyo hiyo, kwa mstari mmoja: "Nimepokea barua yako. Nitaendelea kuisoma kadi kama ilivyoandikwa." Barua zote mbili zimo kwenye faili lake. Kwa sababu ya ile ya kwanza, cheo cha mwongoza wageni mkuu kilimpita miaka tisa. Jina lake lilipofika mezani kwangu, mara tatu, niliandika "bado." Alikipata miaka mitatu baada ya mimi kuondoka, na siku alipokipata alinipigia simu kunishukuru kwa kumlea kikazi.

Wale wakongwe wanaikumbuka mvua iliyoangusha paa la ghala, katika mwaka wake wa kumi na tatu. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Hakuna aliyemwita, aliona mawingu akaja. Alivua viatu, akapandisha nguo magotini, akaanza kubeba masanduku kichwani kupeleka ghorofani, huku maji yanafika kwenye mashavu ya miguu. Alibeba arobaini na mawili peke yake. Ripoti ya mwaka ule inasema kwamba nyaraka za kasri ziliokolewa kwa uongozi imara wa mhifadhi mkuu. Mhifadhi mkuu alikuwa amesimama kwenye ngazi na orodha mkononi, anaweka alama.

Alipita mbele yangu na sanduku la 214.

"Hili zito, mzee! Lina nini?"

"Risiti za mapazia."

"Mapazia gani haya yenye maneno mengi hivi?" Akacheka, akapanda ngazi, maji yanamdondoka.

Nitaandika kilichokuwa moyoni mwangu wakati ule, kwa kuwa sina tena cha kulinda. Niliomba ateleze. Sikutaka aumie. Nilitaka sanduku tu lianguke kwenye maji yale ya matope. Hakuteleza. Alilifikisha juu likiwa kavu, akaliweka mahali pake kwa namba.

Mama yake alifariki katika mwaka wake wa ishirini na mbili, mimi nikiwa nimestaafu. Nilikwenda msibani pamoja na wafanyakazi. Nilimshika mkono, nikasema maneno ambayo watu husema. Mtu mmoja pale alimwambia Bi Funguo ana bahati kuwa na mkubwa wa namna hii. Nililisikia hilo, nikanywa chai niliyopewa.

Wiki tatu zilizopita alikuja kunitazama, kama anavyofanya kila mwezi tangu nilipolazwa mara ya kwanza. Alileta machungwa. Alikuwa amekaa hapa, pembeni mwa kitanda, ananimenyea, nami nikamwambia yote kama nilivyowaambia ninyi. Hakunikatiza. Ganda la chungwa lilitoka refu, bila kukatika, likafika sakafuni.

"Bahasha iko kwenye sanduku gani?"

"Mia mbili na kumi na nne."

"La mapazia."

"La mapazia."

Aliweka kisu chini. "Nililibeba mimi hilo."

"Ulilibeba wewe."

"Barua uliipata lini?"

"Mwaka wako wa sita."

Alihesabu kwa vidole, polepole, kama anavyohesabu wageni kabla ya kufunga mlango. "Mama aliishi miaka kumi na sita baada ya hapo."

"Ndiyo."

"Alikuja ofisini kwako. Ulimwambia hakuna kitu."

Nilimuuliza kama mama yake ndiye aliyemwambia.

"Aliniambia jioni ile ile. Akasema, mwanangu, yule bwana amesoma makaratasi yote na anasema hakuna kitu. Yule ni mtu mkweli, anasema kwa uchungu. Tuache." Alichukua kisu tena, akaligawa chungwa. "Akaacha. Tangu siku ile hakulitaja jina la baba yake, mzee. Nadhani mwishoni alishaanza kuamini kadi."

Nimeishi muda mrefu na nimesikia hukumu za watu wengi. Hiyo ndiyo yangu.

Nilimwomba msamaha. Alinipa kipande cha chungwa kwanza.

"Hilo usiniulize leo. Leo nimekuletea machungwa." Kisha akauliza, "Si umeombwa uandike wasifu wangu?"

"Nimeombwa."

"Basi liandike humo. Usiandikie bodi. Bodi wataisoma vizuri, watasikitika, halafu wataiweka kwenye sanduku. Liandike kwenye karatasi ambayo watu wanapewa mlangoni. Wasome wamekaa, na mimi niko mbele yao."

"Itaharibu sherehe yako, Bi Funguo."

"Sherehe gani?" akasema. "Mimi nimemsema babu yangu saa nne na saa nane miaka yote hii. Keki ikiharibika, iharibike."

Nilimshauri aende ghalani akaichukue barua mwenyewe. Alikataa. Hakutaka kuligusa sanduku bila mashahidi, watu wasije wakasema mjukuu ameitia bahasha kwa mkono wake. Jumanne iliyofuata mhifadhi mkuu wa sasa, ambaye nilimfundisha kazi mwenyewe, alilifungua mbele ya mjumbe wa bodi na wafanyakazi wawili. Alinipigia simu kutoka huko huko. "Mzee, ipo. Mchwa wamekula pembe moja tu." Nilimuuliza Bi Funguo anafanya nini. Akasema amesimama dirishani, ameomba asomewe tena ule mstari wa mpishi, na wamekwisha kumsomea mara tatu.

Bodi imekubali kuiondoa kadi. Chupa imerudishwa kwenye kabati la vyombo, pamoja na vitambaa vya kung'arishia, ambako nilipaswa kuiacha tangu mwanzo. Kijitabu changu hakiuzwi tena mlangoni. Niliomba pia barua ya onyo itolewe kwenye faili lake. Hilo alilikataa mwenyewe. "Iacheni pale," aliwaambia. "Ni ushahidi."

Wasifu wa namna hii huwa na orodha ya mafanikio, na yake ni ndefu. Amewatembeza wageni wasiopungua laki tatu. Hajawahi kupoteza ufunguo. Kati ya wale kumi na wanane aliowafundisha, watatu sasa ni wahifadhi katika makumbusho mengine. Aliokoa nyaraka za kasri hili kutoka kwenye maji, na sifa hiyo nairudisha kwake hapa kwa maandishi. Lakini lililo kubwa kuliko yote halikuwahi kuingia kwenye ripoti yoyote. Kwa miaka thelathini na minne aliwekwa penye uongo wa mtu mwingine, akalipwa kwa kuurudia, na hakuusema hata mara moja kuwa ni wake.

Ijumaa, saa kumi jioni, baada ya hotuba, Bi Funguo ataongoza kundi lake la mwisho. Nawaomba mwende wote, na mwende na watoto wenu. Atapita ukumbini kinyumenyume, atawainamisha warefu penye mlango wa baraza, atawafikisha jikoni. Kabati la kioo litakuwapo. Ndani yake mtakuta barua ya daktari, na kando ya barua hakuna kadi. Mhifadhi mkuu aliniuliza kama ningependa kuandika mpya. Nilimwambia mkono wangu haufai tena kwa kazi hiyo.

Mimi sitakuwapo. Ngazi zile zimenishinda tangu mwaka jana, na hata kama zisingenishinda, chumba kile si mahali pa mimi kusimama siku hiyo.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, waliopo na waliotangulia, nakushukuru, Bi Funguo, kwa kila mlango uliotufungulia. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na siku nyingi zisizo na saa nne wala saa nane. Jina la babu yako nimelichelewesha miaka thelathini na moja; nakukabidhi nikiwa bado na pumzi. Ukifika jikoni Ijumaa, usiseme tena kwamba kadi inasema. Sema wewe.